Mama Huzaa Watatu, Binti Hapati Joto: Vichocheo vya Ukuaji na Uzazi wa Mamalia

SWALI: Salamu, Daktari. Mimi ni mkazi wa Nairobi na ninafuga kondoo upande wa Kitengela. Nina jike mmoja mzee ambaye amezaa pacha mara tano na watatu kwa mpigo mara mbili. Mwanawe ndiye dume ninayemtumia sasa, na nilikusudia kuwazalisha watoto wa huyu mama wao kwa wao hadi kundi zima liwe la pacha. Lakini majike wawili, ambao baba yao ni dume huyo na mama yao ni dada yake, wametimiza miaka miwili na hawajapata joto, yaani hawajataka dume, hata siku moja. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu anasema huenda tatizo ni vichocheo vya ukuaji ndani ya yai. Ukuaji unahusianaje na uzazi, na inawezekanaje damu ile ile inayoleta watatu kwa mpigo ilete pia utasa? Je, kuna dawa? Na mambo haya yako kwa binadamu pia? — Mama Neema, Kitengela.

JIBU: Mama Neema, nimelisoma swali lako mara mbili, na la kwanza ninalotaka kusema ni kwamba kumbukumbu zako za nasaba ndizo zilizoniwezesha kukujibu, kwa sababu mfugaji asiyejua jike yupi alizaliwa na dume yupi hana pa kuanzia katika jambo kama hili. Mpwa wako anaweza kuwa amelenga penyewe. Damu moja inaweza kuleta watatu kwa mpigo na ikaleta pia utasa, kwa kuwa ndani ya ovari kiasi cha ujumbe ndicho kinachoamua: ujumbe fulani ukipungua, jike hutoa mayai mengi kuliko kawaida, ukikosekana kabisa, hatoi hata moja. Ili uone jinsi hilo linavyotokea, na ili ujue la kufanya na dume wako, inanibidi nikuingize kwanza ndani ya ovari yenyewe.

Kichocheo cha ukuaji ni protini ndogo ambayo seli huitoa ili kuielekeza seli nyingine. Homoni, kama zile zinazotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, husafiri na damu mwili mzima. Kichocheo cha ukuaji kwa kawaida hakiendi mbali. Huzungumza na jirani, kama wapangaji wa ploti moja wanaopashana habari mlango kwa mlango. Seli jirani hukinasa kwa kipokezi kilicho kwenye utando wake, na kipokezi hicho hupitisha ujumbe hadi kwenye kiini, ambako jeni kadhaa huwashwa na nyingine huzimwa. Neno "ukuaji" limebaki kwa sababu ya historia. Vichocheo viwili vya kwanza kufahamika vizuri ndivyo vilivyowapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986: kimoja kilirefusha nyuzi za neva, na kingine kiliwafanya watoto wa panya wafumbue macho mapema kuliko desturi. Baadaye ilibainika kwamba protini za namna hii huiambia seli igawanyike, au ikomae, au ingoje, au ife, kutegemea ni seli ya aina gani na ujumbe umeifikia kwa wingi gani.

Ovari ya kondoo aliyekomaa haizidi sana punje kubwa ya maharagwe. Wanafunzi wetu hapa Nairobi huzifuata machinjioni alfajiri, wakazitia katika thamosi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, na kabla ya saa nne asubuhi huwa ziko mezani. Ukiishika moja kwa vidole viwili na kuielekeza kwenye mwanga, utaona malengelenge yanayong'aa, mengi yake madogo kama punje za wimbi au mtama, na pengine moja kubwa kama mbaazi. Hivyo ndivyo vifuko vya mayai. Mara nyingi utaona pia kinundu kigumu kilichochomoza juu ya ovari. Hicho tunakiita mwili wa njano, ingawa kwa kondoo rangi yake ni ya waridi, nacho huota mahali ambapo yai limekwisha kutoka. Ukivihesabu vinundu hivyo katika ovari zote mbili utajua mzunguko huo jike alitoa mayai mangapi. Kondoo wa kawaida ana kimoja, wakati mwingine viwili. Jike kama huyo mzee wako, siku aliyobeba watatu, alikuwa na vitatu au zaidi.

Ndani ya kila kifuko mna yai moja, lenye upana unaozidi kidogo sehemu moja ya kumi ya milimita, na limezungukwa na seli zinazolilisha, ziitwazo seli za granulosa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba yai ni kama mgeni: hulishwa, hungoja, na hutoka linapoamriwa na homoni za pituitari. Mafundisho hayo yalianza kubadilika mwaka 1996, pale watafiti wa Houston, Marekani, walipowaondolea panya jeni ya protini iitwayo GDF9, ambayo katika ovari hutengenezwa na yai. Majike hao walikuwa tasa. Vifuko vyao vilianza safari, vikafika hatua ambapo yai limezungukwa na safu moja tu ya seli, vikakwama hapo. Kumbe yai ndilo linaloziamuru seli zinazolilisha ziongezeke, na lisipotoa amri hiyo hakuna wa kulilea. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na bado kila ninapolifikia huona ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika elimu ya uzazi.

Sasa tuje kwa kondoo, kwa sababu kondoo ndiye aliyetufundisha zaidi kuhusu kiasi. Huko New Zealand palikuwa na jike wa aina ya Romney, aliyetambulika kwa namba A281, ambaye alizaa wanakondoo 33 katika mizao 11. Ukoo wake uliitwa Inverdale. Watafiti waliofuatilia vizazi vyake waligundua mambo mawili yaliyowashangaza. Kwanza, sifa hiyo ilirithiwa kupitia kromosomu ya X, ambayo jike anazo mbili na dume anayo moja tu, maana dume mwenye nayo aliwapa binti zake wote lakini hakumpa mwanawe wa kiume hata mmoja. Pili, majike walioirithi kwa baba na kwa mama pia hawakuzaa kamwe. Ovari zao zilikuwa nyembamba kama uzi wa utambi, hazina vifuko vinavyokua, na mifuko yao ya uzazi ilibaki midogo kama ya mwanakondoo, kwa kuwa hapakuwa na homoni ya kike ya estrojeni ya kuikuza. Mwaka 2000 jeni yenyewe ilipatikana: ni BMP15, ndugu wa karibu wa GDF9, ambayo nayo hutolewa na yai. Jike mwenye nakala moja iliyoharibika hutoa yai moja zaidi, kwa wastani. Mwenye nakala mbili zilizoharibika hatoi chochote.

Utauliza, ikiwa protini hii hukuza kifuko, kwa nini upungufu wake ulete mayai mengi? Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, na ninaomba uvumilivu wako kidogo. Katika kila mzunguko, ambao kwa kondoo huchukua karibu siku 17, pituitari hutoa homoni ya FSH inayokuza kundi la vifuko kwa pamoja. Vifuko vinavyokua navyo hutoa estrojeni na inhibini, ambazo hurudi kuiambia pituitari ipunguze FSH. FSH inaposhuka, vifuko vingi hukosa riziki na kufa. Kinachookoka ni kile kilichowahi kuota vipokezi vya homoni nyingine, LH, kwani hicho kinaweza kuendelea bila kuitegemea FSH. Kwa kawaida huwahi kimoja tu. Protini za yai huzihimiza seli za granulosa ziongezeke, lakini wakati huo huo huzizuia zisikomae kabla ya wakati, na kazi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kizuizi hicho kikilegea, seli huota vipokezi vya LH zikiwa bado chache na kifuko kikiwa bado kidogo, hata FSH inapopungua tayari vifuko viwili au vitatu vimekwisha kuvuka. Kwa kuwa kila kifuko ni kidogo, estrojeni yake pia ni kidogo, na huhitajika vifuko kadhaa ili kufikisha kiasi ambacho kifuko kimoja kikubwa kingekitoa peke yake. Ndiyo maana jike wa ukoo kama huo, ukimfungua, ana miili ya njano mingi na midogo mahali ambapo mwenzake ana mmoja mkubwa. Lakini kizuizi hicho kikiondoka pamoja na himizo lake, seli haziongezeki kabisa, na hapo hatuzungumzii tena kifuko kidogo; hakuna kifuko.

Jambo hili lilithibitishwa pia kwa njia nyingine, bila kugusa jeni. Kondoo wa kawaida walichanjwa ili miili yao itengeneze kingamwili dhidi ya GDF9 au BMP15. Pale kingamwili zilipokuwa nyingi, majike waliacha kutoa mayai. Pale zilipokuwa chache, baadhi yao walitoa mayai mengi kuliko desturi. Kondoo wale wale, protini zile zile, matokeo mawili yanayopingana kwa sababu ya kipimo tu.

Si kila damu ya pacha ina hatari hiyo, na ni lazima nikueleze hili kabla hujamhukumu dume wako. Kondoo wa Merino wa shamba la Booroola, New South Wales nchini Australia, wana badiliko katika kipokezi kiitwacho BMPR1B, ambalo lilitambuliwa mwaka 2001 na makundi matatu ya watafiti. Kwao nakala moja huongeza kama yai moja na nusu kwa wastani, na nakala ya pili huongeza tena kiasi kama hicho, bila kuleta utasa, kwa sababu kipokezi kimedhoofika tu na hakijazimika. Asili ya badiliko hilo inafikiriwa kuwa kondoo wadogo wa Garole kutoka Bengal, waliopelekwa Australia mwishoni mwa karne ya 18. Na huko Phaltan, katika jimbo la Maharashtra nchini India, watafiti wameliingiza kwa makusudi katika kondoo wa wafugaji wadogo ili wapate pacha. Hata ndani ya BMP15 yenyewe, kondoo wa Olkuska wa Poland wana badiliko ambalo halimfanyi tasa jike mwenye nakala mbili. Kwa upande mwingine, kondoo wa Belclare na Cambridge wana mabadiliko ya GDF9 na ya BMP15 ambayo nakala mbili zake huleta utasa sawasawa na ule wa Inverdale. Kwa hiyo mfugaji akiniambia tu kwamba kondoo wake ni "wa pacha", hajaniambia la kutosha.

Turudi Kitengela. Tuchukulie kwanza kwamba jike wako mzee ana nakala moja iliyoharibika ya jeni iliyo kwenye kromosomu ya X. Kila mwanawe, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Ikiwa dume wako aliirithi, yeye mwenyewe hana tatizo lolote la uzazi, ila kila binti atakayemzaa ataipokea, kwa kuwa dume ana X moja tu na ndiyo anayowapa binti zake. Akimpanda dada yake ambaye naye aliirithi, nusu ya mabinti, kwa wastani, watapata nakala mbili na kuwa tasa. Nusu nyingine watapata moja na watazaa pacha. Akipanda jike asiye wa ukoo huo, mabinti wote watazaa pacha na hakuna atakayekuwa tasa. Kama badiliko liko kwenye kromosomu ya kawaida, kama lilivyo la GDF9, hesabu hubadilika: katika mpando wa kaka na dada wenye nakala moja moja, robo tu ya mabinti watakuwa tasa, na kwa majike wa nje ni nusu tu ya mabinti watakaopata sifa ya pacha. Tazama basi katika daftari lako mabinti wa dume huyu waliozaliwa na majike uliowanunua kwingine. Ikiwa karibu wote wamezaa pacha, kidole changu kitaelekea kwenye X.

Hata hivyo kuna maelezo mengine ambayo daktari mwangalifu huyaondoa kwanza. Uliza kama majike hao wawili walizaliwa pacha na dume. Kwa ng'ombe jambo hilo ni maarufu: mtamba aliyechangia kondo la nyuma na fahali huwa tasa mara nyingi sana, kwa sababu damu zao huchanganyika tumboni na kichocheo kiitwacho AMH, kinachotoka kwenye korodani changa za kaka yake, huzuia viungo vyake vya uzazi visijengeke. AMH nayo ni ya ukoo mmoja na GDF9 na BMP15. Kwa kondoo hutokea kwa nadra, lakini hutokea, na dalili yake ni uke mfupi na kinembe kilichokuzwa. Halafu kuna njaa na minyoo, ambayo huchelewesha joto hata kwa jike mwenye ovari timamu. Lakini majike wenzao wa umri ule ule, waliolishwa zizi moja, kama wamekwisha kuzaa, maelezo hayo yanapoteza nguvu.

Lishe inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo sehemu ya mawasiliano haya iliyo mikononi mwa mfugaji. Ini hutoa kichocheo kiitwacho IGF-1, na kiasi chake hufuata kile mnyama anachokula. IGF-1 pamoja na insulini huzifanya seli za granulosa ziisikie FSH vizuri zaidi. Panya wasio na IGF-1 kabisa, majike kwa madume, hawazai. Wafugaji wa Limuru na Githunguri wanaijua hali hii hata kama hawalijui jina: ng'ombe amezaa, anatoa maziwa mengi, anakonda mbavu zikionekana, na mwezi wa tatu unapita bila joto. Mwili wake unatumia chakula kingi kuliko kinachoingia, ini linaacha kuitikia homoni ya ukuaji, IGF-1 inashuka, na vifuko vinakua nusu njia kisha vinakufa. Kwa kondoo, kuwaongezea chakula kizuri wiki mbili au tatu kabla ya kupandisha huongeza idadi ya pacha hata pasipo jeni yoyote maalumu, na jike mwenye umri wa kati huzaa pacha zaidi ya jike mchanga. Ndiyo sababu mfugaji anayechagua kondoo kwa kutazama pacha pekee huenda mwendo wa polepole sana, maana katika makundi ya kawaida ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya tofauti za idadi ya watoto ndiyo inayorithiwa. Lakini watatu kwa mpigo mara mbili kutoka kwa jike mmoja, na mabinti wawili wasiopata joto katika mpando wa ndugu kwa ndugu, ni dalili ambayo lishe pekee haiielezi kwa urahisi.

Kuhusu dawa, nakuomba usipoteze fedha zako. Unga wowote unaouzwa kwa madai kwamba una vichocheo vya ukuaji vya kuongeza uzazi hauwezi kufanya kazi hiyo ukiliwa, kwa sababu vichocheo hivi ni protini, na vijidudu vya tumbo la kwanza la kondoo huvivunja kama vinavyovunja protini ya lusini. Sindano za homoni ambazo daktari wa mifugo huzitumia kuamsha joto ni dawa halisi na husaidia majike wengi, lakini hufanya kazi kwa kuvikuza vifuko vilivyopo. Kwenye ovari ambayo vifuko vyake vimekwama katika hatua ya mwanzo hakuna cha kuitikia.

Umeuliza juu ya mamalia wengine. Jambo la kiasi halikomei kwa majike. Katika korodani, seli zinazozilea mbegu hutoa kichocheo kiitwacho GDNF, ambacho huziambia seli shina za mbegu zijizidishe. Mwaka 2000 watafiti wa Finland walionyesha kwamba panya dume mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo huishiwa na seli shina hizo taratibu, hali yule anayetengenezewa GDNF kupita kiasi hurundika seli shina zisizokomaa kuwa mbegu. Na siwezi kupita bila kumtaja ngamia wetu wa Isiolo na Marsabit. Ngamia jike hatoi yai mpaka apandwe, na watafiti wa China walikuwa wamekwisha kuonyesha katika miaka ya 1980 kwamba kuna kitu ndani ya shahawa zenyewe kinachoamsha yai. Mwaka 2012 ilithibitishwa, kwa kutumia llama, jamaa wa ngamia wa Amerika Kusini, kwamba kitu hicho ni kichocheo cha ukuaji wa neva, kile kile alichokigundua Levi-Montalcini. Hupita kwenye damu, kikasababisha pituitari iachie LH, na yai likatoka.

LH hiyo ikishatoka, kwa ngamia au kwa kondoo, haifiki kwenye yai moja kwa moja, maana seli zilizolizunguka yai hazina vipokezi vyake vya kutosha. Seli za ukuta wa kifuko huipokea, kisha zenyewe hutoa vichocheo vya jamii ya EGF, kile kichocheo cha Cohen kilichowafumbua macho watoto wa panya, navyo ndivyo vinavyolifikishia yai habari. Hili unaweza kuliona kwa macho yako. Yai tulilolitoa kwenye ovari ya machinjioni huwa limefunikwa na seli zilizobanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Tukiliweka katika kiowevu chenye homoni na EGF, ndani ya sanduku la joto la nyuzi 38.5, kesho yake seli zile zimeachana, zimetawanyika ndani ya ute unaovutika kama ute wa bamia, na yai limekuwa tayari kupokea mbegu. Wanafunzi wanaoliona mara ya kwanza huwa hawataki kuondoka kwenye hadubini.

Kwa binadamu, ndiyo, mawasiliano ni yale yale, na kwa maoni yangu kondoo ni mfano wetu bora kuliko panya katika suala hili. Panya asiye na BMP15 hupungukiwa kidogo tu na uzazi. Kondoo asiye nayo ni tasa. Na mwanamke, kama kondoo, kwa kawaida hukomaza yai moja kwa mwezi. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walieleza habari za dada wawili ambao ovari zao hazikufanya kazi, wakiwa na badiliko la BMP15 walilolirithi kutoka kwa baba yao, ambaye yeye alizaa bila shida. Kwa upande wa mapacha wasiofanana, wale wa mayai mawili, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 uliyahusisha na tofauti katika jeni ya FSH na katika jeni ya SMAD3, protini inayopitisha ndani ya seli ujumbe wa jamii hii ya vichocheo. Mapacha wanaofanana hawamo katika hesabu hii, kwa kuwa wao hutokana na yai moja lililogawanyika. Huenda pia umesikia kliniki za uzazi hapa mjini zikipima AMH kwa wanawake. Kwa mtu mzima kichocheo hicho hutoka kwenye vifuko vidogo vinavyokua na huzuia akiba ya mayai isiamke yote kwa pamoja. Panya wasio nacho humaliza mayai yao mapema. Kipimo hicho hueleza takriban wingi wa vifuko vilivyosalia. Hakielezi ubora wa mayai, wala hakitoshi kumwambia mwanamke kwamba hatapata mimba, na naomba yeyote aliyeambiwa hivyo kwa kipimo hicho pekee amwone daktari mwingine.

Sasa la kufanya. Mtenganishe dume huyu na dada zake, mama yake na mabinti zake kuanzia leo. Usimuuze kwa haraka, kwa sababu ikiwa ndiye ninayemdhania, ni dume wa thamani: mpe majike wa nje, wasio na undugu naye, kisha mabinti watakaozaliwa uwapandishe kwa dume mwingine kabisa. Ndivyo wafugaji wa New Zealand wanavyoitumia damu ya Inverdale. Jitayarishe pia kuwalisha, maana jike mwenye watoto wawili au watatu tumboni, katika wiki sita za mwisho, anaweza kuishiwa na sukari ya damu akaanguka na kufa, na mwanakondoo wa tatu mara nyingi hufa kwa baridi ya usiku wa Kitengela asipopata maziwa ya kwanza katika saa chache za mwanzo.

Majike wawili wale mwite daktari wa mifugo awachunguze uke na, akiwa na mashine, awapige picha ya mawimbi ya sauti kupitia njia ya haja kubwa. Ovari zisizoonekana kabisa na kizazi chembamba vitaipa nguvu dhana yetu. Ukiamua mmoja achinjwe, mwambie mchinjaji asitupe kizazi. Akitoe kikiwa kizima pamoja na ovari zake mbili, kitiwe katika mfuko safi uliozungukwa na barafu, na kifike kwenye maabara ya mifugo Kabete kabla ya jioni ya siku hiyo. Pamoja nacho, lete nywele za sikio za dume na za mama yake zilizong'olewa na mizizi, kila mmoja katika bahasha yake ya karatasi kavu yenye namba, na nakala ya kurasa za daftari lako zinazoonyesha nani alizaliwa na nani.